Neno moja chini ya kigoda

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja tu. Nilikuwa nimejitolea kuandika maelezo ya Kiswahili ya maonyesho katika makumbusho madogo. Maonyesho yenyewe yalihusu machafuko yaliyozikumba jamii mbili jirani miaka mingi kabla sijazaliwa, na miongoni mwa vitu nilivyokabidhiwa kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi na kwa mafuta ya mikono ya watu. Daftari la usajili lilikuwa na mstari mmoja juu yake, nami nikaunakili kwa lugha niliyoiona kuwa nadhifu: “Kigoda cha mzee wa ukoo. Kilipatikana wakati wa machafuko.” Siku wazee wa pande zote mbili walipoalikwa kuyapitia maelezo kabla hayajachapwa, bibi mmoja alimwomba mjukuu wake amsomee kibandiko hicho mara mbili, kisha akanigeukia.

“Kilipatikana, mwanangu?” akauliza. “Kwani kilikuwa kimepotea?”

Sikuwa na jibu. Kigoda kile kilikuwa cha baba yake, na aliyekileta makumbusho alikuwa ameketi viti vinne tu kutoka pale alipokuwa yeye: mzee mtaratibu, kofia yake ameilaza magotini, ambaye familia yake ilikuwa imekaa nacho muda wote huo. Nitarudi kwa watu hawa wawili, kwa sababu yaliyofuata alasiri ile yalinifundisha mengi kuliko semina zote za “urithi na maridhiano” nilizowahi kuhudhuria, na semina hizo, Mungu anisamehe, ni nyingi.

Tangu siku hiyo sipiti mbele ya kabati la kioo bila kutazama vitenzi. Kiswahili kimetujalia kauli ya kutendeka, ambayo ni neema kubwa kwa mwenye jambo la kuficha: chungu kimevunjika na hakuna aliyekivunja, fedha zimepotea na hakuna aliyezila. Kauli ya kutendwa walau huacha mlango wazi, maana ukisema kitu kilichukuliwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza kilichukuliwa na nani. Makumbusho mengi hukaa upande salama wa sarufi. Vitu “vilipatikana”, vijiji “viliteketea”, watu “walitoweka”. Mgeni husoma, hutikisa kichwa kwa huzuni, akaenda zake, na yule ambaye nyumba yake ndiyo iliyochomwa moto huondoka akiwa na hakika kwamba hata hapa, mahali palipojengwa ili kukumbuka, hakuna aliye tayari kusema.

Wanasiasa wanaijua tofauti hii vizuri. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilipotangaza bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliokuwa wameteswa wakati wa vita vya Mau Mau, tamko lake lilisema kwamba serikali inasikitika kwa dhati kuwa maovu hayo yalitokea. Yalitokea, kama mvua. Miaka kumi baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, ndani ya Makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo mashujaa wa Kingoni walinyongwa mwezi Februari 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu waliokuwa mbele yake. Sentensi ile ilikuwa na mtenda na mtendewa. Siichukulii kuwa imemaliza deni, kwa maana kichwa cha Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano, ambacho familia yake inaamini kilipelekwa Ujerumani, kilikuwa bado kinatafutwa, na rais mwenyewe aliahidi kusaidia kukitafuta. Hata hivyo, palikuwa na tofauti kubwa kati ya kuomba msamaha mahali penyewe, mbele ya wajukuu, na kusikitika kutoka mbali kwa jambo “lililotokea”. Makumbusho yalikuwa na sehemu katika tofauti hiyo, kwa kuwa yalimpa mgeni mahali pa kusimama na watu wa kuwatazama usoni.

Ninachotaka kusema ni kwamba mazungumzo ya jamii kuhusu maumivu ya zamani hayaanzi siku ya ufunguzi, wakati utepe unakatwa na vijana wanacheza ngoma. Huanza, au hufa, miezi kadhaa kabla, pale mtu anapoamua kitu kiitwe nini na kitenzi kiwe kipi, na swali la msingi kuhusu mradi wowote wa namna hii ni nani anayeishika kalamu saa hiyo.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Makumbusho ya District Six mjini Cape Town. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza mtaa huo kuwa eneo la Wazungu, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa, nao wakatawanywa katika vitongoji vya mchanga vya Cape Flats. Makumbusho yalifunguliwa Desemba 1994 ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Wamethodisti, na kitu kikuu kilichowekwa humo kilikuwa ramani kubwa ya mtaa iliyochorwa sakafuni, ambapo waliokuwa wakazi walialikwa kuandika kwa mikono yao majina yao na mahali nyumba zao zilipokuwa. Kulikuwa pia na vibao halisi vya majina ya barabara, vilivyonusurika kwa sababu mtu mmoja aliyehusika na ubomoaji alivihifadhi badala ya kuvitupa. Na kulikuwa na kitambaa kirefu ambacho wageni waliandika juu yake kwa kalamu, halafu maandishi yale yakafuatwa kwa sindano na uzi ili yasifutike.

Mimi hukaa sana kwenye habari hiyo ya uzi. Mtu anaandika mstari mmoja kwa haraka, pengine amesimama, pengine machozi yanamlenga, na baadaye mtu mwingine anakaa chini saa nzima akiufuata mwandiko ule herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake ya tahajia, bila kuusahihisha. Sijui namna nyingine ya kumsikiliza mtu inayohitaji uvumilivu kama huo. Na ile ramani ya sakafuni ina hekima yake pia, maana huwezi kuandika jina lako juu yake bila kuinama, na ukishainama unasoma jina la jirani, na mara unamkumbuka mama yule aliyekuwa akiwapigia watoto kelele.

Lakini hata District Six ina somo la upande wa pili. Kumbukumbu ya mtaa ule kama mahali ambapo watu wa dini na rangi zote waliishi kwa upendo ni tamu, na utamu una hatari yake, kwa sababu mwaka 1901, miaka 65 kabla ya tangazo lile, Waafrika weusi waliokuwa wakiishi humo walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu kwa kisingizio cha tauni, wakapelekwa Ndabeni. Waliofukuzwa kwanza hawakuwa na nyumba za kuandika kwenye ramani ya miaka ya sitini. Hili si jambo la kuwalaumu waanzilishi, ila linaonyesha kwamba ukiwapa watu kalamu ni lazima uendelee kuuliza ni nani hakufika siku kalamu zilipogawiwa.

Lari, katikati ya Kenya, ni habari ngumu zaidi, kwa kuwa huko walioumizana walikuwa ndugu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia maboma ya chifu mstaafu na ya watu waliokuwa upande wa serikali, na watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Kabla hakujapambazuka, na katika siku zilizofuata, homugadi, yaani Waafrika waliopewa silaha na serikali ya kikoloni, pamoja na askari walilipiza kisasi na kuua watu wengi zaidi. Serikali ya kikoloni ilizitangaza maiti za kundi la kwanza duniani kote, lakini za kundi la pili ilizinyamazia. Na chini ya yote palikuwa na ardhi: familia zilikuwa zimehamishwa kutoka Tigoni ili kuwapisha walowezi, na jinsi ardhi ya Lari ilivyogawiwa badala yake iliacha chuki kati ya waliokubali na waliokataa.

Makumbusho ya amani yaliyoanzishwa Lari mwaka 2001 yaliundwa na waliokuwa Mau Mau pamoja na waliokuwa homugadi. Hebu tulitafakari kidogo. Wakati huo Mau Mau ilikuwa bado ni chama kilichopigwa marufuku katika vitabu vya sheria za Kenya, marufuku ambayo iliondolewa mwaka 2003, kwa hiyo wazee hawa walianza kukaa chumba kimoja kabla taifa lao halijakubali rasmi kwamba nusu yao walikuwa na haki ya kuitwa chochote isipokuwa wahalifu. Utamwandika vipi mtu ambaye kwa familia hii ni shujaa na kwa familia ile ni yule aliyewasha moto? Huwezi kuandika “shujaa” peke yake, wala huwezi kuandika “muuaji” peke yake, na ukiandika “mhusika” umerudi kule kule kwenye “kilipatikana”. Kuna mahali ambapo jambo la busara ni kuandika majina ya watu na kitendo chenyewe, basi, sifa ukamwachia msomaji.

Makumbusho ya Lari ni tawi la kazi iliyoanza miaka ya tisini, wakati Sultan Somjee, aliyekuwa akiongoza idara ya ethnografia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alipoanza kuzisaidia jamii kufungua makumbusho yao madogo ya amani. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulimtaja miongoni mwa watu 12 waliokuwa wakifanya kazi ya mazungumzo bila kuvuma. Swali alilokuwa akiuliza lilikuwa rahisi na la kijanja: badala ya kukusanya mikuki na ngao, kwa nini tusikusanye vitu ambavyo jamii zilivitumia kuzuia vita? Hapo ndipo vilipoingia miti ya amani, fimbo za wazee, na leketio, mkanda wa ngozi uliopambwa kwa kauri ambao mwanamke wa Kipokot huuvaa katika uzazi. Mama akiuvua mkanda ule na kuulaza chini kati ya wanaume wanaopigana, wanaume wale wanapaswa kusimama, kwa kuwa kuuvuka ni kumvuka mama aliyekubeba. Kabati lenye leketio humfundisha kijana kwamba mazungumzo hayakuletwa na warsha, bali yana zana zake za zamani, na zana hizo zilikuwa kiunoni mwa bibi yake.

Kwingineko wamelitatua tatizo la kalamu kwa njia fupi zaidi: mwenye kitu aandike mwenyewe. Huko Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia uliozingirwa kwa siku 1,425 kati ya 1992 na 1996, kuna makumbusho ya utoto wa vitani yaliyofunguliwa Januari 2017, na kila kitu humo, kiwe mdoli au kiatu, kinaambatana na maneno ya yule aliyekuwa nacho alipokuwa mtoto. Ireland ya Kaskazini kuna maonyesho ya kuzungukazunguka ya vitu vya kila siku vilivyobadilishwa na miaka ya ghasia, ambapo wenye vitu hivyo ndio waliovitungia maelezo. Kifuniko cha pipa la taka ni kifuniko tu, mpaka mtu akuambie kwamba wanawake walikipigapiga barabarani kuwaonya majirani kuwa askari wanakuja, na mtu mwingine akuambie jinsi sauti ile ilivyosikika masikioni mwa askari wa miaka kumi na minane. Nchi ile ina mji ambao wengine huuita Derry na wengine Londonderry, na ukitamka mojawapo umekwisha kuonyesha ulipozaliwa. Ugomvi wa jina tunauelewa sote.

Nisieleweke kwamba kila kauli ina uzito sawa na nyingine, au kwamba kazi ya makumbusho ni kuweka uongo na ukweli kwenye mizani na kuwaachia wageni wapige kura. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa Gisozi mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, kuna chumba cha watoto. Picha ni kubwa, na chini ya kila picha kuna maelezo machache: chakula alichokipenda, rafiki yake mkubwa, na namna alivyouawa. Hapo hakuna nafasi ya “upande wa pili”, wala haitakiwi. Mazungumzo yanayowezekana ni yale yanayofanyika baada ya kitenzi kuwekwa mahali pake, na ndiyo maana nina shaka na miradi inayotaka watu wapatane kwanza ndipo ukweli ufuate, kama mtu anayetaka kupaka rangi ukuta ambao haujajengwa.

Miradi, kwa kweli, ndiyo inayonitia uchovu. Mwaka 2022 Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha fasili mpya inayosema kwamba makumbusho hufanya kazi pamoja na ushiriki wa jamii, na ni jambo jema, lakini tangu hapo kila ombi la fedha lina neno “ushiriki” katika aya ya kwanza na picha ya wazee wawili wanaopeana mikono katika ripoti ya mwisho. Mfadhili hutoa miaka miwili, ilhali huzuni ina miaka 70. Mara nyingi kikao cha kwanza huwa cha kupimana macho, cha pili cha kutupiana maneno, na cha tatu hawaji. Halafu fedha zinaisha pale pale ambapo kikao cha nne kingekuwa na maana. Wazee hubaki wamefunuliwa vidonda na hakuna aliyerudi kuvifunga. Kama ningekuwa na mamlaka, ningefupisha maonyesho na kurefusha vikao, na nauli za wazee zingeandikwa kwenye bajeti kabla ya taa na makabati.

Vilevile makumbusho hayawezi kufanya kazi ya mahakama. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kurudisha haki za ardhi mwaka 1994, mwaka ule ule Makumbusho ya District Six yalipofunguliwa, na hata hivyo wengi walioandika majina yao sakafuni walifariki kabla hawajapata ufunguo wa nyumba yoyote. Jina kwenye ramani si hatimiliki. Mtu akija na dai la shamba ukampa kikombe cha chai na nafasi ya kusimulia, umemfanyia heshima, lakini shamba bado anadai.

Narudi kwenye kigoda. Baada ya swali la bibi, yule mzee alisimama na kusema kwa upole kwamba familia yake haikuiba kitu, kwamba nyumba ilikuwa tupu, mlango wazi, na kigoda kilikuwa kimeachwa. Bibi akajibu bila kuinua sauti: “Hatukukiacha, ndugu yangu. Tulikimbia.” Nilikuwa na kalamu na karatasi, na nakumbuka kwamba niliandika maneno yote mawili, kiliachwa na tulikimbia, kisha sikujua la kuandika kati yake. Tulijaribu “kilichukuliwa”, mzee akakataa. Tukajaribu “kilihifadhiwa”, bibi akacheka kicheko ambacho sitakisahau. Ilipita saa nzima hivyo, na wengine walianza kutazama saa zao.

Ndipo bibi akaomba akione. Mhifadhi alikileta juu ya mto wa sponji, akampa glavu nyeupe. Bibi akazitazama, akaziweka mezani, akakipindua kigoda kwa mikono yake mitupu. Mguu mmoja ulikuwa wa mti mwingine, mweupe kuliko miwili iliyobaki, umechongwa vizuri lakini si na mkono ule ule. Hakuna kati yetu, sisi wataalamu wa makumbusho na wa vibandiko, aliyekuwa ameuona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukipindua.

“Huu nani aliuweka?” bibi akauliza.

“Mimi,” mzee akasema. “Ule wa zamani uliliwa na mchwa. Nilikuwa kijana.”

“Ungeweza kukitupa.”

“Baba alinikataza. Alisema kina wenyewe.”

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Halafu bibi akaanza kumweleza, yeye peke yake, kana kwamba sisi wengine tumetoka nje, jinsi baba yake alivyokuwa akikaa juu ya kigoda kile alfajiri akinoa kisu, na mzee akauliza alikuwa akikaa ameelekea wapi, na bibi akamwonyesha kwa mkono.

Kibandiko kilichochapwa hatimaye kina mistari minne, na nilichofanya mimi ni kunakili tu. Kinasema kigoda kilikuwa cha nani, kwamba familia yake ilikimbia, kwamba familia ya jirani ilikichukua ikakaa nacho, na kwamba mguu wa tatu uliwekwa na mtoto wa familia hiyo ya pili. Neno “ilikichukua” alilipendekeza mzee mwenyewe, katika kikao kilichofuata, bila kushawishiwa. Tulipomuuliza bibi kama angependa kukibeba nyumbani, alisema kikae kwanza, ila kisiwekwe ndani ya kioo, nao uongozi wa makumbusho ulikubali baada ya mabishano ambayo hayanihusu kuyasimulia. Lililobaki lilikuwa daftari la usajili, lenye safu moja nyembamba yenye kichwa “Mtoaji”. Mzee akatia sahihi. Bibi akatia dole gumba kando yake, na kwa kuwa nafasi haikutosha, wino wake ulivuka mstari ukaingia kwenye safu ya pili, ile ya “Mahali kilipopatikana”.